Kichupa Kilichonuka Samaki

Mtaniambia siku hizi mambo ni mepesi. Kuna majokofu ya sola yanayojilinda yenyewe, kuna vidude vinavyopiga kelele joto likipanda, na mtu anapiga picha kipimajoto kwa simu na kuituma wilayani kabla chai yake haijapoa. Ni kweli, na ninafurahi. Lakini ninyi vijana mnaoanza kazi ya kubeba chanjo, hasa ile ya homa ya ini anayochomwa mtoto akishazaliwa tu, nataka mwanze mkiwa na hofu kidogo. Mimi nimestaafu nikiwa nayo. Ndiyo iliyonilinda kazini kuliko ujuzi wowote.

Shule sikuimaliza. Niliacha nikiwa bado darasani kule kwetu upande wa Kilolo, Iringa, kwa sababu lori liliharibika mbele ya shule na fundi aliyekuja kulitengeneza alinivutia kuliko mwalimu. Lori lilipoondoka, nami nikaondoka nalo. Nimepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, nimechimba dhahabu Chunya, nimeuza betri za magari Mbalizi. Sikukaa mahali. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha. Mwisho nikaangukia kwa mzee mmoja wa Mbalizi aliyekuwa anatengeneza majokofu, na kwake nilikaa, maana jokofu ni kitu ambacho kila ukidhani umekielewa kinakucheka. Yeye alizoea kusema baridi haitengenezwi, kinachofanyika ni kumfukuza mwizi anayeitwa joto, na mwizi huyo harudi nyuma hata siku moja.

Kutoka hapo nikachukuliwa kuwa dereva na fundi wa majokofu ya chanjo, nikizunguka zahanati za nyanda za juu, kuanzia milima ya Uporoto mpaka vijiji vya Iringa. Kazi mbili, mtu mmoja, koti moja.

Hilo koti lina habari yake. Kule Uporoto mwezi wa sita, asubuhi unakuta majani meupe kwa umande ulioganda. Nilikuwa nikisimamisha gari huko nalivua koti na kulifunika kasha la chanjo, mimi nabaki natetemeka. Mlinzi wa zahanati moja alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama nina akili timamu, sanduku la baridi nalivika koti, mwili wangu nauacha uchi. Nilimwambia mwili wangu ukiganda utayeyuka.

Hapo ndipo penyewe, shikeni. Watu wote wanajua joto ni adui wa chanjo. Wachache wanajua kwamba kuna chanjo ambazo baridi kali inaziua haraka zaidi, na ya homa ya ini ni mojawapo. Inataka ubaridi wa maji ya mtungi asubuhi ya Uporoto, si wa barafu. Ikipitiwa na joto kidogo inaweza kuvumilia, ingawa msije mkaiacha juani mkasema mzee alisema. Ikiganda mara moja tu, imekufa. Na chanjo iliyokufa haitoi ishara kama kitu kilichokufa. Haimdhuru anayechomwa. Nesi ataichoma, mama atashukuru, kadi itaandikwa vizuri, na virusi vitaendelea na safari yao kutoka kwa mama kuingia kwa mtoto. Mtakuja kujua yule mtoto akiwa mtu mzima, tumbo lake linapoanza kujaa maji.

Najua ninachosema, maana nimeliona tumbo hilo.

Chunya machimboni nilikuwa na rafiki anaitwa Daudi. Kijana mwenye nguvu, akiimba shimoni ulikuwa unasikia juu. Akaanza kukonda, macho yakawa ya njano kama kiini cha yai, tumbo likavimba huku miguu ikibaki mikavu kama fito. Wenzetu wakasema ni manjano, wakamleta mtaalamu wa kienyeji amchanje chale. Kwa kuwa tulilala naye hema moja, mtaalamu akasema na sisi tuchanjwe ili yasitupate. Alitumia wembe uleule. Alikuwa anaufuta kwa jani. Tulijipanga wenyewe, tukainua mashati, tukamshukuru.

Daudi alikufa akiwa hajafika hata umri wa kuwa na mvi moja. Mama yake alikuwa ametangulia kwa tumbo hilohilo, na kaka yake pia, hivyo watu wakasema ukoo umerogwa. Miaka mingi baadaye nilipoelezwa ugonjwa wenyewe unavyopita, kwa damu, kwa wembe, kwa kujamiiana, na zaidi ya yote kwa mama anapojifungua, nilikwenda kupima. Nilikutwa salama. Mpaka leo sijui niliponaje.

Aliyenielezea ni Nesi Tumpe, mama wa Kinyakyusa aliyekuwa mkuu wa zahanati moja huko bondeni Usangu. Sauti yake ilikuwa ya kwaya, hata akinong'ona unasikia ukiwa nje. Mimi kila nikifika nilikuwa namsumbua kwa maswali, naye alikuwa hachoki. Aliniambia mtu mzima akiambukizwa virusi hivi, mara nyingi mwili wake unapigana navyo unavishinda. Mtoto mchanga hajui kupigana. Mwili wake unavipokea kama wageni, na vikishakaribishwa mara nyingi vinakaa maisha yote. Ndiyo maana chanjo ya kwanza inatakiwa ndani ya siku ileile ya kuzaliwa, saa ishirini na nne zisipite, na kila ukiwahi ndiyo bora.

"Ni mbio," aliniambia. "Virusi vimeshaanza kukimbia mtoto akiwa mlangoni. Sisi tunaanza nyuma yao."

Sasa niwaambie juu ya Kabula.

Kabula alikuwa mke wa Masunga, kijana wa familia iliyohamia Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini. Ng'ombe walipopungua, Masunga akafungua duka kijijini karibu na barabara, mahali umeme ulipokuwa umefika. Alikuwa na friji ya soda mbele na friza nyuma, ya samaki na barafu za watoto. Walikuwa na binti mmoja, Limi, aliyezaliwa nyumbani kabla hawajajua lolote. Mimba ya pili ilipofika kliniki, Nesi Tumpe akampima Kabula akakuta ana virusi vya homa ya ini.

Masunga alipoitwa, swali lake la kwanza lilikuwa mke wake ametoka na nani. Nesi akamjibu kwamba huenda Kabula alitoka nayo tumboni kwa mama yake, ambaye, ilikuja kujulikana, alikufa tumbo limejaa. Nesi akashauri nyumba nzima ipimwe, Masunga mwenyewe na Limi. Masunga akakataa kwa upole, akasema wahenga walikwisha kusema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Na kweli alikuwa anaogopa. Mtu akiogopa hivyo utamwona anacheka sana.

Kabula alipelekwa mjini Mbeya akapimwa wingi wa virusi. Vilikuwa vingi. Akapewa vidonge vya kuvipunguza, ila mimba ilikuwa imeshakua, na vidonge vilikuwa na muda mfupi wa kufanya kazi. Ile sindano nyingine ya kinga ambayo watoto wa namna hii wakiipata pamoja na chanjo ni vizuri zaidi, haikupatikana kabisa. Zahanati yetu wakati huo ilikuwa na ile ya kuanzia wiki sita tu, ya siku ya kuzaliwa ilibidi ununue duka la dawa mjini. Masunga akanunua. Mimi nikaileta, nikaikabidhi mkononi kwa Nesi. Kichupa kimoja, kidogo kuliko kidole gumba. Kati ya mtoto yule na virusi vya mama yake hapakuwa na ukuta mwingine.

Siku chache kabla ya tarehe ya Kabula, betri za sola za zahanati zikafa. Nesi akazihamisha chanjo zote kwenda zahanati ya kijiji cha pili, ng'ambo ya mto, nilizibeba mimi mwenyewe. Zote isipokuwa ile. Masunga alisimama mlangoni akasema dawa ya mwanawe haivuki mto. Mvua zilikuwa zimeanza, mto ukijaa hakuna anayepita, na mtoto hasubiri maji yapungue. Nesi aliona ana hoja. Wakakubaliana kichupa kikae kwenye friji ya soda dukani, rafu ya katikati, na kipimajoto kando yake, mpaka mimi nirudi na betri mpya.

Mnawaona wote wawili walivyofikiri vizuri? Ndivyo inavyokuwa. Sijawahi kuona chanjo imeuawa na mtu mbaya.

Nilirudi na betri asubuhi, zimefungwa nyuma ya gari kwa kamba. Nesi alikuwa anapokea wajawazito. Hata sijazishusha, Masunga akaja anakimbia, kandambili moja mguuni, nyingine sijui wapi, ngumi ameifumba kifuani. Kabula alikuwa amejifungua alfajiri, nyumbani, uchungu ulikuja kwa kasi wakashindwa hata kumwinua. Mama yake Masunga ndiye aliyempokea mtoto. Wa kiume. Ndani ya ile ngumi kulikuwa na kichupa.

Nesi akakipokea. Akakiinua kwenye mwanga, akakitikisa, akakitazama. Halafu akakileta puani.

Mimi sikuwahi kumwona mtu akinusa kichupa cha chanjo. Alikinusa tena, akanipa na mimi. Kilinuka samaki.

Friji ya soda hainuki samaki. Inayonuka samaki ni friza.

Nesi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alimuuliza Masunga kichupa kimelala wapi. Masunga akasema kwenye friji. Akamuuliza friji ipi. Masunga akatazama miguu yake, ile yenye kandambili na ile isiyo nayo. Akaeleza kwamba siku mbili zile joto lilikuwa kali sana, watoto wanafungua friji ya soda kila dakika, umeme unakatika, akashika kichupa akaona hakina ubaridi wa kuridhisha. Akakihamishia penye baridi ya uhakika. Alikiweka juu kabisa, kwenye mfuko safi, mbali na samaki. Alfajiri alikitoa akakishika mkononi mpaka kikayeyuka.

"Lakini sasa si maji tena?" alisema. "Nesi, tazama. Ni maji. Hakina kasoro."

Nesi akakitikisa tena, akakisimamisha juu ya meza. Kando yake akaweka kichupa kingine cha chanjo ya aina hiyohiyo, kilichoondolewa duka la dawa mjini kwa kupitwa na tarehe lakini hakijawahi kuganda, alichokuwa anakitunza kwa ajili ya kuwafundishia wanafunzi. Akakitikisa na hicho. Kile cha kufundishia kilibaki cheupe chote, kama maji ya kuoshea mchele. Kile cha Masunga kilianza kushuka. Vilikuwa vipande vidogovidogo, kama maziwa yaliyokatika, vinazama chini huku juu panabaki maji maangavu. Tulikuwa watu watatu tumeinamia meza, tunatazama vinavyozama.

Nikamwambia Masunga yai ukishalichemsha, hata ukiliweka kwenye maji baridi mwaka mzima halirudi kuwa bichi. Alinielewa. Ningependa asingenielewa.

Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kuazima kitu. "Mchome tu hiyohiyo. Kabula asijue. Atalala."

Nawaomba mkae na maneno hayo kidogo. Hakuna ambaye angejua. Ile harufu ya samaki ingepotea kwa kufutwa na pamba. Kabula angelala, Masunga angelala, bibi angelala. Na mtoto angekua, mzuri, mnene, akicheza uwanjani na kitu kile kimelala ndani yake. Nilimtazama Nesi Tumpe nikiwa na hofu, kwa sababu nilitaka akubali. Nilikuwa nimechoka na safari, njia ilikuwa matope, na sehemu moja ya moyo wangu ilitaka akubali.

Nesi akakiweka kichupa kwenye boksi la takataka hatari. Akaniambia nigeuze gari.

Mbeya mjini ni mbali kutoka Usangu. Unatoka kwenye vumbi au tope la bonde, unaipanda barabara kuu, unaanza kupishana na malori ya kwenda Zambia ambayo hayana haraka yako. Hesabu ya siku moja tangu alfajiri haikunitoka kichwani. Masunga alikuwa ananipigia simu kila baada ya vilima viwili.

Duka la dawa lilikuwa na chanjo. Binti aliyekuwa anauza alikuwa mwepesi, akaitoa kwenye friji, akanifungulia friza akanipa vipande vya barafu vya kasha, vile vya plastiki vilivyojazwa maji yakagandishwa, vigumu kama mawe, vina ukungu mweupe juu. Alitaka kuvipanga ili niondoke. Nikamwambia tusubiri.

Na hili ndilo tendo gumu kuliko yote katika kazi yenu, gumu kuliko tope. Barafu ikitoka kwenye friza haiwekwi karibu na kichupa. Unaiweka mezani, unaiacha itoe jasho. Unaitikisa sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, hapo ndipo imekuwa salama. Kabla ya hapo inaua sawasawa na friza ya Masunga. Kwa hiyo nilikaa juu ya kreti la soda ndani ya duka la dawa Mbeya mjini, ambako mwezi ule kulikuwa na ubaridi wake na mvua ya manyunyu, natazama barafu ikikataa kuyeyuka, na huko bondeni mtoto yuko kwenye mbio na mimi nimekaa.

Simu ikaita.

"Mzee, umefika wapi?"

"Niko dukani. Nimeshaipata."

"Sasa mbona sisikii gari?"

"Nasubiri barafu iyeyuke kidogo."

Nilisikia kuku wa kwao. "Mzee," akasema, "unanitania?"

"Sikutanii, mwanangu."

"Mimi niliigandisha, na wewe unaisubiri iyeyuke. Haya." Akakata. Sikujua kama analia au anacheka, na sidhani kama yeye alijua.

Yule binti wa dukani akachukua kipande kimoja akakiweka kwenye mikono yake, akakifikicha kwenye sketi. Nami nikachukua kingine. Tukakaa hivyo kama watu wanaoatamia mayai. Kila mara tunavitikisa sikioni. Maji yaliposikika, nilifunga kasha nikaondoka hata sikumuuliza jina.

Kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka tope la njia ya kijijini, na vijana wanne wa mashamba ya mpunga walioshika bampa wakanisukuma huku wakinitukana kwa furaha, wakisema mzee mzima anakwenda wapi kwa kasi hii, labda mchepuko umempigia simu. Niliwaambia ndiyo, tena umepiga mara ishirini.

Niliwakuta kwa Masunga jua likiwa bado liko juu ya miti. Hapo nikaelewa jambo lingine alilolifanya Nesi Tumpe. Katika nyumba ile, mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke, na mtu wa njiani haingii alipo mtoto. Mtu wa njiani ana mambo ya njiani, kapita kwenye misiba, kapita kwa watu ambao hajui usiku wamelala na nani. Anakalishwa kwanza nje, ananawa, anatulia kwa muda mrefu ndipo aruhusiwe. Nesi alipofika asubuhi, mama yake Masunga alimkalisha kwenye kigoda uani, akamuuliza waziwazi kama usiku ule amelala na mume. Nesi akamjibu mume wake yuko Tukuyu anakoroma, na kwamba umbali ule ndio siri ya ndoa yao. Bibi akacheka akamwona ni mtu mzuri. Alipotulia vya kutosha akaruhusiwa ndani. Na akishaingia, hakutoka tena. Siku nzima, hata zahanati alimwachia mwenzake, ili asije akahesabiwa upya kuwa mtu wa njiani wakati kichupa kitakapofika na hakuna muda wa kukaa kwenye kigoda.

Mimi nilizuiwa getini. Bibi alinitazama matope yangu akaniuliza swali lilelile. Nikamwambia, mama, jana nimelala na betri mbili za sola. Hakucheka. Alichukua kasha kutoka mkononi mwangu, akalimwagia maji kidogo juu, akalibeba ndani yeye mwenyewe.

Nilibaki nje na Masunga. Alikuwa anakwangua tope kwenye mudigadi wa gari langu kwa kijiti, taratibu, tope ambalo lingerudi kesho. Tulisikia mtoto akilia. Kilio cha kwanza kilikuwa cha kawaida, halafu kikapanda juu ghafla, kikali, chenye hasira. Masunga akaacha kukwangua.

"Imeingia," nikamwambia.

Nesi alinieleza baadaye yaliyokuwa ndani. Alipofika asubuhi alikuta mtoto ananyonya kidole, hajanyonyeshwa hata mara moja. Kabula alikuwa amejifunika kifua kwa kanga mbili akiogopa maziwa yake yatampa mtoto ugonjwa kabla sindano haijaja. Mtu fulani kijijini alimwambia hivyo. Nesi alimweleza kwamba maziwa hayazuiwi, kwamba mama mwenye virusi hivi ananyonyesha, muhimu ni mtoto apate chanjo. Alimweleza mara nyingi. Mchana ndipo Kabula akafungua kanga moja. Alimnyonyesha huku macho amefumba.

Mkiniuliza kama basi hofu iliisha, nitawaambia ndiyo kwanza ilianza. Sindano ya siku ya kwanza haikupi majibu siku ya kwanza. Mtoto anatakiwa amalize chanjo zake nyingine, halafu akikaribia mwaka ndipo anapimwa. Hapo katikati ni kusubiri. Kila nilipopita na gari nilisimama dukani kununua soda nisiyoitaka. Masunga alikuwa anamtoa mtoto nje kwenye mwanga, ananiambia nimtazame macho. Yalikuwa meupe. Nikamweleza kwamba macho hayasemi, yule Daudi wa Chunya alikuwa na macho meupe maisha yake yote mpaka mwaka wa mwisho. Baadaye nilijuta kumwambia. Friza aliiuza. Samaki akawa anauza wakavu.

Siku ya kupima nilikuwepo, nimekuja kukagua betri, au ndivyo nilivyosema. Waliingia wote, Kabula na mtoto mgongoni, Masunga, na Limi aliyeshika sketi ya mama yake. Nesi akamtoboa mtoto kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo kidogo, akakiweka mezani. Mstari mmoja ni salama. Miwili, virusi vipo. Mstari wa kwanza ukatokea mapema, maana huo hutokea kwa kila mtu. Tukawa tunatazama pale pa pili, peupe, na mimi niliona mistari ambayo haikuwepo.

Kabula alikuwa amegeukia ukutani.

"Soma, Nesi," alisema. "Usinitazame mimi. Soma."

Nesi alisubiri muda wote uliotakiwa, hakukubali kusoma kabla. Kisha akasema mmoja. Akarudia, mmoja tu, mtoto hana. Kabula akakaa chini sakafuni palepale na mtoto wake. Akashusha kanga akamnyonyesha macho yakiwa wazi.

Nilifikiri Masunga atacheka kwa sauti, kama kawaida yake. Hakucheka. Alikuwa bado anakitazama kile kipimo. Halafu akamwinua Limi, akamkalisha kwenye meza ya Nesi, akamshika mkono akaunyoosha.

"Huyu naye," alisema. "Halafu mimi."

Yeye alikuwa salama. Kwa Limi mstari wa pili haukusubiri. Ulikuja haraka, mwekundu, wazi, pembeni mwa wa kwanza, na hakuna mtu chumbani aliyehitaji kusomewa. Limi aliuona akasema yake ni mizuri, iko miwili.

Nesi Tumpe akaanza kueleza taratibu kwamba kuwa na virusi si kufa, kwamba wengi wanaishi navyo, kwamba kuna kliniki mjini wanakopima ini kila baada ya muda na kuanza vidonge kama vinahitajika, na kwamba anayejulikana mapema ana nafasi ambayo wengine hawakuipata. Masunga alikuwa anasikiliza akiwa ameshika kile kidole cha Limi kilichotobolewa, amekibana kwa pamba, anakibana zaidi ya ilivyohitajika. Nesi alipomaliza, Masunga alinigeukia mimi.

"Mzee," alisema, "hiyo kliniki ya mjini wanafungua saa ngapi?"